Sahani za Bi Holroyd

Jumatatu asubuhi Edie Barraclough alikwenda buchani kununua soseji, akarudi bila soseji. Si kwamba zilikuwa zimekwisha. Alikuta wanawake sita wameinamia gazeti moja, na walipomwona wakalikunja upesi na kuanza kuulizana habari za mvua, kana kwamba katika mji wa Oxenroyd mvua ni habari. Mwenye bucha, ambaye Mungu alimnyima kipaji cha kunyamaza, akamkonyeza.

"Dora, leo mmetuvunja mbavu. Huyo bibi anayefuta kiti namjua. Hununua hapa hapa."

Kuitwa Dora hakukumuudhi. Kwa miaka kumi na tisa mumewe, Walter, alikuwa akichora katuni ya kila siku katika gazeti moja la jiji la Leeds, juu ya familia ya wafanyakazi waitwao akina Ramsden: Sid mwenye masharubu na uvivu, mkewe Dora mwenye rola za nywele kichwani na ulimi wa wembe, na mbwa wao aliyewazidi wote wawili akili. Mji mzima ulijua Dora ni nani. Edie hakuwa na pua ndefu kiasi kile, na rola zake alizivua kila siku kabla ya saa tatu, lakini angempitia msomaji mmoja mmoja amweleze? Kilichomrudisha nyumbani mbio ni yale maneno mengine, ya bibi anayefuta kiti.

Gazeti lilikuwa mezani jikoni, halijafunguliwa. Katika nyumba ile hakuna aliyelikimbilia, maana mpishi hana haraka ya kuonja alichokipika mwenyewe. Edie alilifungua akiwa bado na kofia kichwani. Katika picha ya kwanza, bibi mwenye koti la ukosi wa manyoya amesimama chumba cha mbele cha akina Ramsden. Katika ya pili ametoa hankachifu, anafuta kiti. Katika ya tatu Sid anamwambia mbwa: "Jifiche, wewe. Akimaliza kiti atakufuta na wewe."

Edie akakaa chini. Koti lile alilijua, na hankachifu ile aliijua. Majuma sita yaliyopita Bi Sugden, mjane wa Mtaa wa Chapel, alikuja kunywa chai katika chumba cha mbele cha nyumba hii, ili wazazi wafahamiane kabla mwanawe Derek hajamwoa Maureen. Na harusi ya Derek na Maureen ilikuwa Jumamosi ya juma hili hili.

"Walter," aliita kutoka chini ya ngazi. Hakupaza sauti. Walter alishuka mara moja, kalamu ya wino bado mkononi, kwa sababu alikuwa na ndoa ya miaka ishirini na minne na alijua tofauti kati ya Walter wa kelele na Walter wa sauti ya chini.

Alilitazama gazeti, akajikuna sikio. "Imetoka leo?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nachora majuma sita mbele, Edie, unajua. Nachora, natuma, nasahau. Ningezikumbuka zote ningekuwa nimefungiwa hospitali ya vichaa."

"Harusi ulijua ni lini."

"Nilijua. Na katuni nilijua zitatoka lini. Sikujumlisha tu."

"Na haya ya hankachifu kakuambia nani? Wewe siku ile ulijificha huko juu ukasingizia kazi."

Walter alimtazama tu, kwa upole, na upole ule ukawa mbaya kuliko jibu. Edie akakumbuka. Ni yeye. Mgeni alikuwa hajafika hata kona ya mtaa, naye Edie alikuwa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, anamwigiza Bi Sugden: anavyofuta kiti, anavyokaa na koti lake mwilini kutwa nzima kama anayesubiri treni, anavyogeuza sahani kusoma chini yake. Alicheka mpaka akashika meza. Walter alicheka pia, kisha akapanda ngazi polepole, kama apandavyo akipata kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mara nyingine ni wewe uliyekilisha.

"Lete kopo," alisema Edie.

Kopo lilikuwa la biskuti, na ndani yake Walter aliweka rasimu za penseli za kila juma. Wakazipanga mezani. Jumanne, mgeni anakataa kuvua koti, na Sid anatazama juu kama paa linavuja. Jumatano, anageuza sahani, na sandwichi ya samaki wa kopo inamwangukia mbwa. Alhamisi, mbwa anageuza sahani yake mwenyewe. Halafu Ijumaa. Hapo Edie aliinamia karatasi, akainuka, akainama tena.

Katika ile ya Ijumaa, mgeni bado yupo mezani, chai haijapoa, na jirani amesimama mlangoni na kikapu. "Dora mwenzangu," anasema jirani, "nimefuata sahani zangu."

Mtu mwingine angecheka. Edie hakucheka, kwa sababu sahani zile zenye ukingo wa dhahabu, alizomwandalia Bi Sugden kana kwamba ndizo wanazolia uji kila asubuhi, zilikuwa za Bi Holroyd wa mlango wa pili. Edie alizipokea juu ya ukuta wa uani asubuhi na mapema, zimefunikwa taulo kama mtoto mchanga. Hakumwambia mtu. Hata Walter hakumwambia.

"Nani kakwambia?"

"Bi Holroyd. Alikuja kuuliza kama zote kumi na mbili zimerudi." Walter akakohoa. "Nikajua hukutaka nijue, basi sikusema."

"Hukusema. Ukachora."

Walter akavaa kofia, akaenda kibanda cha simu cha kona. Aliporudi alikuwa na habari nusu nzuri. Za mpaka Alhamisi zilikwisha fika kwa wachapaji, hazirudishiki. Jumamosi ni Sid na mbwa tu, haina neno. Ya Ijumaa inaweza kubadilishwa, kama mchoro mpya utafika Leeds kabla ya adhuhuri ya Jumatano.

"Ibadilishe," alisema Edie.

"Lakini fikiri. Za kwake nne zinabaki. Inayoondoka ni yako peke yake."

"Nimesikia. Ibadilishe."

Hakuweza kumtazama usoni aliposema hivyo, ila alisema.


Maureen alifanya kazi kiwandani, kitengo cha kurekebisha kasoro za vitambaa, wanawake arobaini wenye sindano na midomo. Jumanne jioni aliingia kwa mlango wa nyuma, akaning'iniza koti lake, akakaa mbele ya chakula chake bila kugusa uma.

"Wamenikatia picha zote mbili wakazibandika juu ya kiti changu," alisema. "Na mmoja kanifutia kiti kabla sijakaa."

"Utani tu, mwanangu," alisema Walter.

"Najua ni utani, Baba. Nimezaliwa ndani ya utani. Nilipong'oka meno ya mbele, mji mzima ulijua. Nimezoea. Lakini yule mama hajazoea." Akaisogeza sahani kando. "Hajatoka nje tangu jana. Derek anasema hafungui mapazia. Kasema Jumamosi haji kanisani kukaa ubavuni mwa watu wanaomcheka."

"Derek anasemaje?" aliuliza Walter.

"Anasema hawezi kukata keki huku mama yake amejifungia analia peke yake. Anataka tuahirishe." Akamgeukia mama yake. "Nani aliyemsimulia Baba? Maana mimi sikusema, na Baba hakuwapo."

Edie alisimama, akachukua kofia yake.

Mtaa wa Chapel haukuwa mbali, lakini ulikuwa na madirisha mengi, na nyuma ya kila dirisha palikuwa na mtu aliyesoma gazeti. Alipofika kwa Bi Sugden, macho yake yalikwenda chini kabla hayajakwenda mlangoni. Kizingiti hakijasuguliwa. Kila mwanamke wa mtaa ule, na wa kila mtaa wa Oxenroyd, hupiga magoti asubuhi akasugua kizingiti chake kwa jiwe mpaka kiwe cheupe, hata akiwa na homa, hata akiwa na mimba ya miezi tisa. Cha Bi Sugden kilikuwa na alama ya kiatu cha postamani. Mikono ya Edie ikamwasha kwa hamu ya kukisugua, lakini kumsugulia mwenzio kizingiti ni kumtangaza kwamba ni mchafu au amekufa. Akabisha hodi.

Pazia likatikisika. Mlango haukufunguka.

"Bi Sugden, ni mimi, Edie Barraclough. Nimekuja tuongee."

Sauti ikatoka kwenye tundu la barua, baridi na safi. "Leo sipokei wageni. Nenda kakae kwako, Bi Barraclough. Viti vya huku havijafutwa."

Ng'ambo ya barabara mtu alicheka, akakifanya kicheko kikohozi. Edie alirudi nyumbani akitembea wima, na alipofika uani kwake ndipo alipojiegemeza ukutani, pale pale sahani zilipopitia. Alikuwa amestahili. Hilo ndilo lililouma.


Jumatano saa tatu na nusu alikuwa stesheni, bahasha ya kahawia mkononi. Walter alikuwa amechora kutwa nzima ya Jumanne na kuimaliza asubuhi. Edie aliichungulia wino ulipokuwa unakauka: Sid anatengeneza baiskeli, inambakia spoki moja mkononi. Haikumdhuru mtu, wala haikuchekesha mtu.

Karani wa vifurushi alikuwa amelifunua gazeti la siku hiyo juu ya kaunta, anatikisika mabega.

"Umeona hii, mama? Anageuza sahani kuona kama ni ya bei! Wapo wa namna hii, bwana. Choo kiko uani kama wewe na mimi, lakini anajiona mke wa balozi." Akafuta macho. "Na yule Dora, maskini, kajitahidi kumwandalia vizuri. Mtu mwema yule, ila ulimi."

"Mtu mwema," alisema Edie.

"Kabisa. Nipe bahasha, treni ya saa nne inaingia."

Edie aliishika ile bahasha kwa mikono miwili. Kesho mbwa angegeuza sahani, na mji ungecheka mara ya nne. Keshokutwa Sid angekuwa na spoki yake, na Dora Ramsden angebaki mwanamke mwema mwenye sahani za dhahabu, na Bi Sugden angebaki alivyo, milele, kwenye kuta za viwanda na madirisha ya maduka. Nyani haoni kundule. Edie aliliona lake, tena limechorwa vizuri kwa penseli, na sasa alikuwa amelitia ndani ya bahasha ili wengine wasilione.

Aliogopa. Kuchekwa kwa rola ni kitu kimoja, maana rola kila mtu anazo. Kuchekwa kwa kujifanya unacho na huna, katika mtaa ambao kila mtu anajua hasa una nini, hicho ni kitu kingine.

"Mama? Treni."

"Sikuwa na mzigo," alisema Edie, akaitia bahasha kikapuni. "Nilikuja kuangalia saa tu."

"Saa hiyo hapo, juu ya kichwa chako."

"Ahsante. Nimeiona."

Nyumbani aliweka bahasha mbele ya Walter. Walter aliitazama, akamtazama mkewe.

"Watakucheka, Edie."

"Baiskeli yako haichekeshi," alisema Edie, akaenda kumenya viazi.


Ijumaa walimcheka. Muuza maziwa aliuliza kama chupa nazo ni za kuazima. Buchani, mwenye bucha alimfungia soseji, kisha akamwambia awahi kuzirudisha, na wanawake sita wakacheka bila kuficha gazeti. Bi Holroyd alichungulia juu ya ukuta wa uani, hana furaha wala hasira.

"Walter kanifanya mnene," alisema. "Lakini watu wamekuja tangu asubuhi kuziona sahani. Nimezipanga dirishani."

Maureen alikwenda kazini, na Derek hakuonekana. Keki ilikuwa kabatini, imefunikwa. Gauni lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na kila Edie alipolipita aliligusa pindo. Kama kesho halitavaliwa, litakuwa limeuawa na yeye, kwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Saa kumi alasiri mtu aligonga mlango wa nyuma.

Oxenroyd mlango wa mbele ni wa daktari, wa padri, wa jeneza, na wa mgeni ambaye bado humjui. Kwa nyuma huja watu wako. Kwa hiyo Edie alifungua akidhani ni Bi Holroyd, akamkuta Bi Sugden amesimama uani, kitambaa kichwani, aproni kiunoni chini ya koti kuukuu la kijivu lenye kiraka kwenye kiwiko. Kwapani alikuwa na gazeti.

"Kwa hiyo hazikuwa zako," alisema Bi Sugden.

"Hata moja."

"Nimezionea wivu majuma sita. Nilimwambia Derek, tumeingia kwa watu wenye vitu, utatutia aibu." Akatazama jikoni, vikombe vyenye mapengo vimening'inia kwenye misumari. "Unanikaribisha au nisimame hapa niwe picha nyingine?"

Edie alimpisha. Alipovuta kiti alikifuta kwa aproni yake bila kufikiri, kisha akatambua alichofanya na uso ukamwiva. Bi Sugden alimwona. Mdomo wake ukajitahidi kukaza, ukashindwa, na wote wawili wakaanza kucheka, kwanza kwa haya, kisha kwa nguvu.

"Lile koti ni la dada yangu wa Southport," alisema Bi Sugden alipopata pumzi. "Aliniambia likirudi na hata chembe ya mkate, nimsahau. Ungekuwa wewe usingefuta kiti?"

"Ningefuta na ukuta."

"Na sikulivua kwa sababu gauni langu la maana nililiunguza kwa pasi asubuhi ile ile, hapa, kifuani. Nilikuwa nalo hilo hilo chini ya koti. Nilikaa natoka jasho, namwomba Mungu usiwashe moto."

"Nami niliongeza makaa. Nilidhani unasikia baridi."

"Nilikuona."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema Edie, akamimina chai. "Wala sahani." Akakaa mbele yake, akasema lile alilokwenda kulisema Jumanne kwenye tundu la barua. "Ni mimi niliyemsimulia. Nilikuigiza hapa jikoni, nikacheka. Nisamehe."

Bi Sugden alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Hiyo nilijua. Mwanamume haoni hankachifu." Akakiweka kijiko chini. "Koti nimekusamehe. Kiti nimekusamehe. Ile ya sahani ndiyo iliyonilaza kitandani."

Edie akaliweka birika chini.

"Mama yangu alikuwa Stoke, kwenye viwanda vya vyombo. Alipaka dhahabu kwenye kingo. Kila mpakaji aliweka alama yake chini ya sahani, ndogo, ili kazi yake ihesabike. Ya mama ilikuwa jani, na vistari viwili ubavuni. Alikufa nina miaka kumi na mmoja. Vitu vikauzwa, hakikubaki hata kikombe." Akautazama mkono wake juu ya meza kama wa mtu mwingine. "Basi nikipewa sahani yenye ukingo wa dhahabu, nageuza. Najua si adabu. Mkono unakwenda wenyewe."

"Na za Bi Holroyd?"

"Niliyoigeuza siyo. Huwa sizo."

Edie akausukuma mkate karibu naye, na Bi Sugden akachukua kipande, akala, na chembe zikaanguka juu ya koti lake mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Kwenye mlango, akifunga kitambaa chake, aligeuka. "Kesho nitakuja, na hili hili koti. Mwambie binti yako aache kulia, macho yatavimba. Lakini lile la mama yangu, usimwambie mumeo."

"Simwambii."

"Kila kitu unamwambia."

"Hili simwambii."


Maureen aliolewa Jumamosi saa nne, kukiwa na mvua. Bi Sugden alikaa safu ya mbele na kiraka chake, na alipofika kwenye benchi alitoa hankachifu, akageuka nyuma ili kila mtu aone, akafuta mahali pa Walter. Kanisa lilicheka mpaka padri akakohoa. Karamu ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, na keki ilikatwa juu ya sahani za Bi Holroyd, ambaye alimwambia kila aliyehudhuria kwamba ni zake.

Alasiri, maharusi walipokwisha panda treni, Edie alisimama jikoni anaosha zile sahani kumi na mbili kabla ya kuzirudisha. Walter alikaa kwenye kiti chake, viatu amevua, anamtazama kwa pembeni.

"Jana mlikaa humu saa nzima na yule mama," alisema. "Mlicheka mpaka nikasikia juu. Alikuambia nini?"

"Alisema mkate wangu mkavu."

"Saa nzima?"

"Ulikuwa mkavu sana."

Walter alisubiri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesubiri hivyo hivyo, na sikuzote kitu kilikuja, kwa sababu Edie hakuweza kukaa na hadithi tumboni kama wengine wasivyoweza kukaa na njaa. Leo palikuja sauti ya maji tu. Edie alifuta sahani ya kwanza, akaigeuza, akatazama chini yake, akaiweka. Akafuta ya pili, akaigeuza. Ya tatu aliisogeza dirishani kwenye mwanga.

"Unatafuta nini huko chini?"

"Uchafu."

Mkono wa Walter ukapanda taratibu mpaka kwenye sikio, penseli ilikokaa. Edie hakugeuka.

"Iweke chini hiyo penseli, Walter."

Walter alimtazama mgongo kwa muda. Kisha akaichomoa, akaiweka mezani, mbali kidogo na mkono wake. Edie akachukua sahani ya nne, akaifuta, akaigeuza.